Sura ya Sita: Mbona Wameibadilisha Filamu Yetu?

Mtu aliyekua na filamu fulani ya Krismasi, akaitazama kila Desemba na ndugu zake hadi akajua maneno ya wahusika kabla hawajayatamka, anaposikia imepelekwa jukwaani ikatiwa nyimbo huuliza maswali mawili. Kabla ya kununua tiketi anauliza: kulikuwa na haja gani? Akishatoka ukumbini anauliza: mbona wameibadilisha? Hili la pili huulizwa kwa uchungu zaidi, nalo ndilo la sura hii. Likijibiwa vizuri, la kwanza nalo litakuwa limejibiwa.

Jibu langu ni kwamba filamu isiyobadilishwa haiwezi kusimama jukwaani. Anayeihamisha ana kazi ya kutafuta, ndani ya hadithi ile ile, shauku ambayo wahusika wa filamu waliinyamazia, kisha aipe wimbo. Akifaulu, watazamaji humsamehe mabadiliko mengi. Akiikwepa kazi hiyo, mchezo wake hupwaya hata kama amehifadhi kila tukio na kila kichekesho.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Tamthilia ya muziki ni mchezo wa kuigiza ambamo wahusika huzungumza, huimba na kucheza, na nyimbo zenyewe huisukuma hadithi mbele. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua Sarafina! kama filamu ya mwaka 1992, lakini ilizaliwa jukwaani Johannesburg mwaka 1987, ikaonyeshwa New York, ndipo ikapigwa picha. The Lion King ilishika njia ya kinyume: filamu ya katuni ya mwaka 1994, kisha tamthilia ya muziki mwaka 1997. Sura hii inafuata njia hiyo ya pili, na inachagua kipande chake chenye miiba mingi zaidi, yaani filamu za sikukuu.

Filamu iliyolelewa na televisheni

Mfano wetu mkuu ni A Christmas Story. Ilitoka Marekani Novemba 1983, ikiongozwa na Bob Clark. Chanzo chake ni kitabu cha mwaka 1966 cha Jean Shepherd, mtangazaji wa redio wa New York aliyejulikana kwa kusimulia hewani utoto wake katika mji wa viwanda wa Hammond, jimbo la Indiana. Ndani ya filamu mji unaitwa Hohman, na mambo yanatokea karibu na mwaka 1940. Ralphie Parker, mvulana wa miaka tisa mwenye miwani ya mviringo, anataka zawadi moja tu ya Krismasi: bunduki ya upepo ya Red Ryder, ile inayofyatua vidonge vidogo vya chuma. Mama anakataa kwa hofu kwamba mtoto atajitoboa jicho. Mwalimu anaonya vivyo hivyo. Hata Baba Krismasi wa dukani, ambaye mtoto alimwona kama mahakama ya rufaa, anatoa hukumu ile ile.

Hadithi yenyewe haina zaidi ya hapo. Hakuna anayekufa wala anayefilisika, na dunia haiokolewi.

Ilipotoka haikuwa filamu kubwa. Televisheni ndiyo iliyoilea. Mwaka 1997 kituo cha TNT kilianza kuirusha kwa saa 24 mfululizo kuanzia mkesha wa Krismasi, mara 12 bila kupumzika, na desturi hiyo ikaendelea miaka na miaka. Familia za Marekani zikawa zinapika na kufungua zawadi huku Ralphie akiwa sebuleni. Nyumba ya Cleveland, Ohio, iliyotumika kupigia picha za nje za familia ya Parker ikafanywa makumbusho mwaka 2006. Ilipofika Desemba 2012, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu hiyo katika orodha ya filamu za taifa zinazostahili kuhifadhiwa.

Hivi ndivyo filamu nyingi za Krismasi zinavyopata mapenzi yake. It's a Wonderful Life ya mwaka 1946 nayo haikurudisha fedha zilizotarajiwa. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikusajiliwa upya kwa wakati, vituo vya televisheni vikawa vinairusha bila kulipa, na kurushwa kule kila mwaka kukaifanya iwe filamu ya kila nyumba. Mtazamaji wa filamu ya namna hii hafanani na mtazamaji wa kawaida. Yeye ameshaitazama mara nyingi mno, na kwake sehemu ya raha ni kuona kwamba hakuna kilichobadilika. Ndugu aliyefariki alikuwa akicheka mahali fulani, mtoto aliyehamia mbali alikuwa akiigiza sauti fulani. Ukigusa tukio moja, umegusa kumbukumbu za ukoo mzima.

Kwa hiyo anayeipeleka A Christmas Story jukwaani anakuta ameshaandikiwa orodha ya matukio ambayo umma unayadai. Mtoto aliyenata ulimi kwenye mlingoti wa bendera wakati wa baridi kali. Taa ya mezani yenye umbo la mguu wa mwanamke ambayo baba ameishinda katika mashindano ya chemshabongo. Vazi la sungura la waridi lililotumwa na shangazi. Mbwa wa jirani wanaoingia jikoni na kula bata mzinga wa Krismasi. Kila moja kati ya hayo lilitungwa kwa ajili ya kamera.

Jukwaani hakuna picha ya karibu

Tuangalie tukio la mlingoti. Ndani ya filamu kamera inausogelea uso wa Flick, rafiki yake Ralphie, hadi tunauona ulimi ulivyonata na macho yalivyotoka kwa hofu. Hiyo ndiyo picha ya karibu: kamera inakuchagulia cha kutazama na kukiweka mbele yako kikubwa kuliko maisha. Sasa mpeleke mtoto huyo kwenye ukumbi wa Lunt-Fontanne, New York, wenye viti takriban 1,500. Aliyekaa ghorofa ya juu hauoni ulimi. Anamwona mtoto ameinama kando ya nguzo.

Waandishi wa tamthilia hawakuhangaika kuukuza ulimi. Waligeuza macho yetu kwa wale waliomzunguka Flick: watoto wanaotaka kukimbia kengele ilipolia, mwalimu anayegundua dirishani, watu wazima wanaokuja kumnasua. Tukio likawa wimbo wa kundi zima. Kile ambacho kamera ilikipata kwa kusogea karibu, jukwaa lilikipata kwa kuongeza watu. Hii ni kanuni inayofanya kazi karibu kila mara, na ukiijua utaacha kushangaa kwa nini tukio la sekunde chache katika filamu limekuwa la dakika nne ukumbini.

Mbwa wa jirani walikuwa mtihani wa aina nyingine. Wangeweza kuwakilishwa na sauti ya kubweka nyuma ya pazia. Watayarishaji wa New York walileta mbwa halisi, wakafundishwa kukimbia kuvuka jukwaa kwa wakati wake. Nadhani walifanya vyema. Mtazamaji wa filamu anajua kwamba mbwa walipigwa picha siku fulani na makosa yakakatwa. Wa ukumbini anajua kwamba leo, mbele yake, mbwa anaweza kukataa kukimbia, na wasiwasi huo mtamu hauwezi kupatikana sebuleni.

Kwa kifupi hadi hapa: filamu ya sikukuu hupendwa kwa kurudiwa, umma hudai matukio yake yote, lakini matukio hayo yalitungwa kwa jicho la kamera na lazima yatungwe upya kwa macho ya watu walioketi mbali.

Sauti isiyo na mwili

Tatizo zito kuliko yote katika A Christmas Story halionekani, linasikika. Filamu nzima inasimuliwa na Ralphie aliyekwishakuwa mtu mzima, kwa sauti ya Jean Shepherd mwenyewe. Yeye ndiye anayetuambia mtoto anawaza nini. Vichekesho vingi havitoki katika wanayoyasema wahusika; vinatoka katika umbali kati ya maneno makubwa ya msimulizi na mambo madogo ya mtoto. Ukiiondoa sauti hiyo, inabaki familia ya kawaida inayokula kabichi.

Katika filamu sauti kama hiyo inakubalika kwa urahisi, kwa kuwa kila kitu kinatoka kwenye spika ile ile. Jukwaani sauti inayotoka juu ya dari huku mtoto amesimama kimya humfanya mtoto aonekane amesahau maneno. Basi waandishi walimpa msimulizi mwili. Anaitwa Jean Shepherd, anatembea kati ya familia ya Parker bila wao kumwona, anaegemea samani zao, anamtazama mvulana ambaye alikuwa yeye. Katika onyesho la New York nafasi hiyo ilichukuliwa na Dan Lauria, ambaye watazamaji wa Marekani walikuwa wamemzoea kama baba katika mfululizo wa televisheni wa The Wonder Years, hadithi nyingine iliyosimuliwa na mtu mzima anayekumbuka utoto.

Hapo mchezo ulipata kitu ambacho filamu haikuwa nacho: mzee na utoto wake wakisimama pamoja mbele yetu. Lakini ulipata pia hatari. Msimulizi akisema mengi, nyimbo zinakosa kazi. Kama ameshatueleza kwamba Ralphie anaitamani bunduki, Ralphie aimbe nini?

Wimbo huanzia pale maneno yanapokwisha

Mama wa bwana harusi anapoona bi harusi anaingia, hatoi hotuba ya furaha. Anapiga vigelegele, na hakuna anayemuuliza kwa nini hakutumia maneno. Tamthilia ya muziki imejengwa juu ya ukweli huo. Mhusika huzungumza mpaka hisia inamzidi, ndipo anaimba. Naye akiimba kabla haijamzidi, mtazamaji huona aibu kwa niaba yake. Kwa hiyo swali la kwanza la mtunzi anapoitazama filamu ni hili: nani humu ana jambo lililomzidi?

Ralphie anajibu haraka. Mtoto wa miaka tisa kila anachokitaka kimemzidi. Filamu ilikuwa tayari na ndoto zake za mchana, ambamo anajiona shujaa wa mashambani akiwafukuza majambazi uani kwao. Jukwaani ndoto hizo zikapanuka kuwa ngoma kamili, zenye farasi wa kuigiza na umati wa kumshangilia. Hofu ya kutoboa jicho nayo ikawa ngoma. Ralphie anaota kwamba mwalimu wake, Miss Shields, amegeuka mwimbaji wa ukumbi wa pombe wa siri wa enzi za gangsta, na watoto wanacheza kwa viatu vyenye vipande vya chuma kwenye soli, vinavyopiga mdundo sakafuni. Mwaka 2012 ngoma hiyo ilimtambulisha Luke Spring, mtoto wa miaka tisa ambaye miguu yake ilisimamisha onyesho kwa makofi.

Baba, ambaye mtoto anamwita tu mzee, alihitaji jicho kali zaidi. Katika filamu yeye ni mtu wa kugombana na tanuri la chini ya nyumba na kutukana kwa ufundi. Taa ya mguu ni kichekesho. Lakini kwa nini mtu mzima anafurahi hivyo kwa taa mbaya? Waandishi waliona kwamba huyu ni mfanyakazi wa mji wa viwanda ambaye hakuna aliyewahi kumpa cheti cha chochote. Chemshabongo ndiyo sehemu pekee duniani anapojiona ana akili. Basi akapewa wimbo wa kujivunia kipaji hicho kabla ya ushindi, na ushindi ulipofika mtaa mzima ukaingia jukwaani kwa mstari, kila mmoja na taa yake yenye mguu, wakirusha miguu juu pamoja na taa hizo. Watazamaji hucheka sana hapo. Wanacheka kwa sababu wameshamwelewa, na ndiyo maana kicheko hicho kina joto.

Mama ndiye aliyenishawishi kwamba kazi hii ilistahili kufanywa. Filamu inampenda lakini inampita. Tunamwona akimfungia mdogo wake Ralphie nguo za baridi hadi mtoto hawezi kushusha mikono. Tunaambiwa kwamba kwa miaka mingi hajala chakula kikiwa bado cha moto, maana kila akiketi kuna anayetaka kuongezewa. Siku Ralphie anapopigana na mchokozi wa shule na kumjeruhi puani, mama anamchukua nyumbani analia, anamwosha uso, na jioni baba anapouliza habari za ugomvi anaupunguza hadi kuwa jambo dogo kisha anageuza mazungumzo kwenye mpira. Mtoto anatambua kimyakimya kwamba ameokolewa. Melinda Dillon aliicheza sehemu hiyo kwa macho tu, na kamera ikayaona.

Jukwaani macho hayafiki ghorofa ya juu. Kwa hiyo mama alipewa nyimbo mbili za peke yake. Moja inatokana na siku yake ya kazi zisizokwisha. Nyingine inakuja baada ya ugomvi, akitafakari jinsi jambo linalomlemea mtoto leo linavyopita, na jinsi utoto wenyewe unavyopita. Ni nyimbo za sauti ya chini katikati ya mchezo wenye kelele nyingi, na katika toleo la New York ziliimbwa na Erin Dilly bila mbwembwe. Wapo waliosema zinapunguza mwendo. Mimi nasema ndizo zinazohalalisha mchezo mzima. Mtu aliyeitazama filamu mara 30 akiwa mtoto aliitazama kama Ralphie. Sasa ana watoto wake, anakaa ukumbini, na kwa mara ya kwanza anamsikia yule mwanamke aliyekuwa akisimama karibu na jiko wakati wote.

Nyimbo zilizowekwa kando

Wengi hudhani mchezo wa namna hii huandikwa mara moja, ukafunguliwa. Huu uliandikwa mara mbili. Onyesho la kwanza lilikuwa Kansas City mwaka 2009, likiwa na muziki wa Scott Davenport Richards. Baada ya hapo watayarishaji waliamua kutafuta muziki mpya kabisa, na mwaka 2010 mchezo ukafunguliwa tena Seattle ukiwa na nyimbo za vijana wawili wa miaka 25, Benj Pasek na Justin Paul, waliokutana wakisoma Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 2011 ukazunguka miji ya Marekani, na Novemba 2012 ukafika Broadway, jina la jumla la majumba makubwa ya michezo ya kuigiza ya New York, ambayo leo ni 41.

Kufikia hapo kazi ilikuwa imegawanywa hivi:

- Mwandishi wa mchezo, anayepanga matukio na mazungumzo: Joseph Robinette.
- Watunzi wa muziki na maneno ya nyimbo: Pasek na Paul.
- Muongozaji, anayeamua nani anasimama wapi na kwa nini: John Rando.
- Mpangaji wa ngoma: Warren Carlyle.

Miongoni mwa watayarishaji, yaani watu wanaotafuta fedha na kubeba hasara, alikuwamo Peter Billingsley. Ndiye mtoto aliyemcheza Ralphie mwaka 1983, sasa mtu mzima. Sidhani kama kuna mtu aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kulinda filamu ile dhidi ya mabadiliko, naye akawa upande wa waliobadilisha.

Mchezo ulipendekezwa kwa Tuzo za Tony, ambazo ni heshima ya juu ya Broadway, katika vipengele vitatu: tamthilia bora ya muziki, uandishi bora na muziki bora. Haukushinda hata kimoja. Kinky Boots ilichukua tamthilia bora na muziki bora, nayo pia ilitokana na filamu. Pasek na Paul hawakukaa sana gizani. Miaka michache baadaye waliandika Dear Evan Hansen, nyimbo za filamu ya The Greatest Showman, na maneno ya nyimbo za La La Land yaliyowapa tuzo ya Oscar mwaka 2017.

Wengine walifanyaje?

Kila filamu huja na kitendawili chake. Elf, filamu ya mwaka 2003, inamhusu Buddy, binadamu aliyelelewa na wasaidizi wadogo wa Baba Krismasi huko Ncha ya Kaskazini. Filamu ilimfanya Will Ferrell, aliyemcheza Buddy, aonekane jitu kwa hila za kamera, kwa kuwaweka waigizaji umbali tofauti. Jukwaani hila hizo hazipo. Katika mchezo uliofunguliwa Broadway mwaka 2010, waigizaji watu wazima walicheza wasaidizi hao wakiwa wamepiga magoti. Kila mtu ukumbini anaona magoti, na kila mtu anakubali kutoyaona.

Katika White Christmas ya mwaka 1954 mambo yalikuwa kinyume: filamu ilikuwa imejaa nyimbo za Irving Berlin tangu mwanzo. Ungedhani hakuna cha kuongeza. Lakini filamu inaweza kuwa na wimbo kwa sababu tu nyota wake, Bing Crosby, yupo na anaimba vizuri, ilhali jukwaani wimbo usiosukuma hadithi hulala. Waandishi wa toleo la jukwaani, lililoonyeshwa San Francisco mwaka 2004, walichota nyimbo nyingine katika hazina kubwa ya Berlin na kuzipanga upya mahali zinapohitajika.

Holiday Inn, filamu ya mwaka 1942 ambayo ndani yake Crosby aliuimba kwa mara ya kwanza katika sinema wimbo maarufu wa Krismasi nyeupe, ilileta swali zito zaidi. Ina sehemu ya kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Abraham Lincoln ambamo waigizaji weupe wamejipaka masizi usoni wakiwaigiza watu weusi kwa dhihaka. Toleo la Broadway la mwaka 2016 liliiondoa. Sioni namna ambayo mtu mwenye dhamira njema angeiacha. Anayelalamika kwamba filamu aliyoipenda imekatwa anapaswa kukumbuka kwamba kuna watoto ambao hawakuweza kamwe kuipenda filamu hiyo kwa sababu ya dakika zile.

Kuhamisha filamu za Krismasi si jambo la jana. Meredith Willson, aliyeandika The Music Man, aliichukua Miracle on 34th Street ya mwaka 1947 na kuifanya Here's Love mwaka 1963. Ilionyeshwa mara 334, kuanzia Oktoba hadi Julai, yaani New York ikatazama hadithi ya Baba Krismasi katikati ya joto la kiangazi. Siku hizi hakuna anayejaribu hivyo.

Majuma sita ya kurudisha fedha

Mchezo wa kawaida wa Broadway unaweza kukaa miaka. Wa Krismasi una msimu wa kati ya Novemba na siku chache baada ya Mwaka Mpya. A Christmas Story ilifunguliwa Novemba 19, 2012 na kufungwa Desemba 30. Ndani ya muda huo lazima ulipwe ukumbi, wapiga muziki, mavazi, mandhari ya jukwaa, na watoto wengi pamoja na walezi wao. Ndiyo sababu michezo ya sikukuu huongeza idadi ya maonyesho kupita yale manane ya kawaida kwa juma, na nafasi ya mtoto mkuu hugawanywa kwa watoto wawili, maana hakuna sauti ya mtoto inayoweza kubeba mzigo huo peke yake.

Novemba 2007 ilionyesha thamani ya kila siku ya msimu huo. Mafundi wa jukwaa wa Broadway waligoma, majumba mengi yakafungwa. Mchezo wa Grinch, uliotokana na kitabu cha Dr. Seuss na katuni ya televisheni ya mwaka 1966, ulikuwa na mkataba wake tofauti na mafundi wake, nao walikuwa tayari kufanya kazi, lakini jumba lilibaki limefungwa. Watayarishaji wakaenda mahakamani, na jaji akaamuru milango ifunguliwe. Maonyesho yakarejea Novemba 23, siku tano kabla mgomo haujaisha. Mchezo wa mwaka mzima ungeweza kungoja. Huu wa Krismasi ungekufa ukingoja.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaopima michezo hii kwa idadi ya siku zake Broadway. Elf ilifungwa Januari 2011, ikarudi 2012, ikavuka bahari hadi London 2015, ikarudi New York 2024. A Christmas Story ilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni ya Fox Desemba 2017. Zaidi ya hapo, michezo yote miwili hutolewa kwa kibali kupitia kampuni ya Music Theatre International, kwa hiyo shule na vikundi vya mitaani huicheza kila Desemba mbele ya wazazi. Hilo ni jambo kubwa kuliko tuzo. Mama wa mji mdogo wa Ohio anasimama na kuimba wimbo wa mama wa Ralphie mbele ya watoto wake mwenyewe.

Kwa anayetaka kujaribu

Huenda wewe msomaji una kikundi cha sanaa, kwaya, au klabu ya shule, na kuna filamu mnayoipenda ambayo mngetaka kuipeleka jukwaani. Inawezekana. Nairobi, Eric Wainaina na wenzake waliuchukua mfululizo wa katuni wa Tinga Tinga Tales, wenye rangi za uchoraji wa Kitanzania, wakaufanya tamthilia ya muziki, na mwaka 2018 ukaonyeshwa New York.

Lakini kabla ya wimbo wa kwanza kuna karatasi. Filamu huwa na wenye haki zaidi ya mmoja. Kampuni iliyoitengeneza inaweza kuwa na haki ya picha, mwandishi wa kitabu au hadithi iliyoizaa ana haki yake, na mtunzi wa muziki uliosikika ndani yake ana yake. It's a Wonderful Life ni fundisho. Vituo vya televisheni viliirusha bure miaka mingi vikidhani haina mwenyewe, hadi katika miaka ya 1990 kampuni ya Republic Pictures ilipoidai tena kupitia haki za hadithi fupi iliyoizaa na za muziki wake. Sheldon Harnick, mtunzi wa maneno ya nyimbo za Fiddler on the Roof, aliandika na Joe Raposo tamthilia ya muziki kutokana na filamu hiyo, ikachezwa Michigan mwaka 1986, na pamoja na jina kubwa la mwandishi wake haikupata kufunguliwa Broadway.

Basi andika barua kwa kila mwenye haki, eleza utaonyesha wapi, mara ngapi, na kiingilio ni kiasi gani, kisha usubiri jibu lililoandikwa. Ukishalipata, itazame filamu tena na familia yako, ukiwa na kalamu, na usiandike matukio. Andika jina la kila mhusika aliyenyamaza alipokuwa na jambo la kusema. Anza na nyimbo zao.